Kupokea Pigo Bila Kulipitisha



Mtu anayesafiri katika milima yetu ya Kivu ya Kusini, akitoka Bukavu na kushika barabara za udongo zinazoelekea Mwenga na vijiji vya mbali, hujifunza upesi kwamba safari ni hesabu ya mapigo. Wakati wa mvua magari hukwama katika matope. Wakati wa kiangazi matope yaleyale hukauka na kuwa makorongo magumu, na penye changarawe hutokea matuta madogo yanayofuatana kama mawimbi ya Ziwa Kivu siku ya upepo. Gurudumu hupigwa, hupigwa tena, na kabla halijatulia hupigwa mara ya tatu. Tumelizoea jambo hili hata hatuulizi swali lililo wazi: pigo lile, likishalipiga gurudumu, huenda wapi?

Swali hilo lilitujia tukiwa chini ya gari, na tangu siku ile halijatutoka. Twalileta kwenu kwa sababu linahusu mambo makubwa kuliko magari.

Chama chetu cha walei kina pikapu moja ya zamani. Si gari la fahari. Rangi yake imefifia, na mlango mmoja hufungwa kwa kamba. Lakini ndiyo miguu ya chama. Hupeleka unga kwa wajane walio mbali, hubeba viti na vyombo vya Misa siku za hija, na huwarudisha marehemu kwao wazikwe na ndugu zao. Zaidi ya yote, huwateremsha wagonjwa kutoka vijiji vya mlimani hadi hospitali. Katika siku tunazozisimulia, muuguzi wa kituo cha afya alikuwa ameiambia jamaa ya mama mmoja wa shirika la mlimani kwamba mtoto hakukaa vema tumboni, na kwamba ingefaa mama azalie hospitalini. Ilitakiwa ateremshwe kabla uchungu haujaanza. Tulikuwa na siku nne.

Na pikapu yenyewe ilikuwa mgonjwa. Dereva wetu alisema kwamba sehemu ya nyuma ilikuwa ikirukaruka penye matuta na kuteleza upande, kana kwamba magurudumu hayakanyagi ardhi. Alipofunga breki penye mteremko, gari lilikwenda mwendo mrefu kuliko kawaida kabla ya kusimama. Tulipolikagua, tuliona tairi za nyuma zimelika vibaya: hapa pamebonyea, pale pamebaki juu, kama ubao uliochongwa na mtoto. Wawili wetu wakapanda nyuma, wakaruka kwa pamoja, kisha wakashuka upesi. Gari likaendelea kuinama na kuinuka peke yake, mara moja, mara mbili, mara tatu, kama mtumbwi uliofungwa ufukoni.

Kati yetu alikuwamo binti anayejifunza ufundi wa magari katika karakana moja ya mjini. Alituomba tufanye jaribio jingine. Tuliendesha gari kwa nusu saa katika barabara mbaya iliyo karibu, kisha yeye akainama nyuma na kugusa kwa uangalifu, kwanza upande wa kulia, halafu upande wa kushoto. "Hii ina joto kidogo," alisema. "Hii nyingine ni baridi kama jiwe la mtoni. Imekwisha kufa." Mtu asiye fundi angetarajia kinyume chake, kwamba kilicho kigonjwa ndicho kitakachokuwa na homa. Lakini katika chombo hiki joto ni dalili ya uhai.

Chombo chenyewe mafundi wetu hukiita amotisere, kwa kufuata Kifaransa. Ndugu zetu wa Tanzania hukiita shokapu. Ni kama mirija miwili ya chuma, mmoja ukiingia ndani ya mwingine, iliyofungwa kati ya shasi na ekseli karibu na kila gurudumu. Watu wengi hudhani kwamba amotisere ndiyo inayobeba gari. Sivyo. Mzigo hubebwa na resori. Katika pikapu kama yetu, resori za nyuma ni yale mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine na kupindwa kama upinde. Magari ya kwanza yalizirithi kutoka kwa mikokoteni ya farasi. Resori ni mtumishi mwenye nguvu, lakini ina tabia moja: haisahau. Kila pigo inalopokea huliweka, na mara hulirudisha. Ukiibonyeza, itakurusha juu. Ikisha kukurusha itashuka, na itarusha tena, mpaka ichoke yenyewe. Barabara ikiipiga upya kabla haijachoka, mtikiso wa kwanza huungana na wa pili, na gari huanza kucheza ngoma isiyo na mpigaji.

Amotisere kazi yake ni kuituliza resori. Mwanzoni mwa karne ya 20 wavumbuzi kadhaa, miongoni mwao Mfaransa Maurice Houdaille, walifikiri kutumia mafuta kwa ajili hiyo, na wazo lao ndilo linalotusafirisha hata leo. Ndani ya amotisere mna mafuta, na pistoni yenye matundu madogo. Gurudumu linapopanda na kushuka, pistoni husukumwa ndani ya mafuta, nayo mafuta hulazimika kupita katika matundu yale membamba. Hupita kwa kusongamana, na katika kusongamana huko nguvu ya pigo hugeuka kuwa joto. Joto hutoka taratibu kupitia ngozi ya chuma na kuchukuliwa na upepo. Hilo ndilo jibu la swali letu. Pigo haliendi kwa abiria, wala halirudi kuipiga barabara. Linaishia pale. Ndiyo maana amotisere nzima hupata joto, na ile iliyokufa hubaki baridi: mafuta yake yamevuja, pistoni hupanda na kushuka katika utupu, na mapigo yote hupita bila kuzuiwa.

Tulipokwenda kununua, ulizuka mjadala. Amotisere moja ilikuwa imekufa, ya pili ilikuwa ingali hai. Mweka hazina wetu, mzee anayeiheshimu kila faranga ya maskini, aliuliza swali la haki: "Binti yangu, kwa nini tununue mbili na iliyokufa ni moja? Fedha ya ile ya pili ni unga wa mjane."

Binti alijibu kwa heshima: "Baba, hata ile iliyobaki imezeeka. Tukifunga mpya upande mmoja na kuacha ya zamani upande wa pili, gari litakuwa na miguu isiyolingana. Upande mmoja utashika, mwingine utaachilia, na penye kona au penye breki halitatulia. Katika ekseli moja hubadilishwa zote mbili kwa pamoja. Na tena, baba, hii iliyo hai imekuwa ikifanya kazi peke yake kwa muda mrefu. Imechoka kwa ajili ya mwenzake."

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema: "Basi, mbili. Yule mama asiteremke mlima juu ya hesabu zangu." Sokoni tulionyeshwa pia zile zilizokwisha kutumika, za okazio, zenye bei nusu. Tuliziacha, kwa sababu hakuna awezaye kuona kwa macho ni mapigo mangapi chombo cha namna hiyo kimekwisha kupokea.

Kazi tuliifanya uani, nyumbani kwa mmoja wetu, siku moja kabla ya safari. Twaisimulia kwa utaratibu, maana baadhi yenu mtaifanya siku moja, na uzima wa mtu ni kitu cha kwanza. Tulisimamisha gari mahali tambarare, tukaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Tuliinua sehemu ya nyuma kwa kriki, kisha tukaisimamisha shasi juu ya vigoda vya chuma tulivyoazima karakanani. Kriki huinua; haifai kuaminiwa kushikilia. Asilale mtu chini ya gari linaloshikwa na kriki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kama anayemhimiza ni mkubwa wake. Baada ya hapo kriki tuliiweka chini ya ekseli, ili ekseli isianguke amotisere itakapofunguliwa, ikauvuta na kuukata mpira wa breki.

Buloni zilikuwa zimeshikwa na kutu. Jioni ya siku iliyotangulia tulikuwa tumezisugua kwa brosi ya waya na kuzinywesha mafuta ya kulegeza kutu, tukaziacha usiku kucha. Tatu zilikubali. Ya nne ilikataa. Watu wengine huleta moto katika hali kama hiyo. Sisi tulijizuia, kwa sababu mafuta yaliyofungiwa ndani ya chuma, na pengine hewa yenye mgandamizo, huweza kulipuka na kumwua aliye karibu. Tuliongeza mafuta, tukagonga kidogo kwa nyundo, tukangoja. Tukaivika kle bomba refu ili kuongeza nguvu ya mkono, tukavuta polepole. Kutu ni kazi ya miaka mingi. Haiachii kwa kelele za dakika tano. Adhuhuri ilipokaribia, buloni ililia mara moja, ikazunguka.

Zile mpya hazikufungwa papo hapo. Binti alizisimamisha wima, akazivuta na kuzibonyeza mara kadhaa, moja baada ya nyingine, mpaka hewa iliyokuwa imejificha katika mafuta ikaondoka na mwendo wake ukawa mzito na laini kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha tukazipachika na kuzifunga buloni kwa mkono tu, bila kuzikaza. Tulimwuliza kwa nini tusizikaze kabisa. Alisema kwamba katika kila ncha mna kipira, na kipira hicho kikikazwa gari likiwa limening'inia, kitabaki kimepindika siku zote litakapokuwa chini, na kitapasuka upesi. Kwanza gari lirudishwe juu ya magurudumu yake, lichukue uzito wake, ndipo buloni zikazwe kwa nguvu zote. Tulilishika neno hilo. Kuna ahadi nyingi zinazokazwa mtu akiwa bado hewani, siku ya sherehe, na hupasuka mzigo unaposhuka. Ahadi inayodumu hukazwa chini ya uzito wa kila siku.

Kabla ya kuitupa ile iliyokufa, tuliipitisha mkononi kwa mkono. Kwa nje haikuwa mbaya sana. Penye vumbi lililofutwa rangi yake ilionekana bado. Lakini tulipoivuta haikupinga, na tulipoibonyeza haikupinga, kama pampu ya baiskeli iliyokatika ngozi. Kijana mmoja akasema kwa sauti ya chini: "Na tulikuwa tukipita kando yake kila Jumapili."

Kesho yake mama aliteremshwa. Barabara haikuwa imebadilika. Mashimo yalikuwa yaleyale, na kwa mvua ya usiku mengine yalikuwa yameongezeka. Lakini gari lilishika ardhi, na kwenye ule mteremko ambao dereva alikuwa akiuogopa, breki ziliitika. Mama alisinzia sehemu ya njia. Walipofika hospitalini binti aliinama tena nyuma, akagusa kulia, akagusa kushoto. Zote mbili zilikuwa na joto, na joto lake lilikuwa sawa. Baada ya siku chache mtoto alizaliwa, naye pamoja na mama yake wakarudi mlimani kwa barabara ileile.

Sasa, wapenzi vijana, turudi kwenye swali: pigo huenda wapi?

Tazameni siku moja ya kawaida katika mtaa wetu. Motari anasimamishwa penye bariere, ananyang'anywa fedha aliyoitafuta tangu alfajiri, na juu yake anatukanwa. Hawezi kumjibu mwenye bunduki. Anaondoka na pigo lake, na abiria wa kwanza anayechelewa kutoa nauli ndiye anayelipokea. Abiria huyo ni mama wa sokoni. Anafika mezani pake na kumfokea msichana anayemsaidia. Msichana anarudi nyumbani na kumpiga mdogo wake kwa sababu ya sufuria isiyooshwa. Mdogo anatoka nje akilia, anamrushia jiwe mbuzi wa jirani. Jirani anakuja jioni na fimbo, na kabla ya usiku kuingia, jina la kabila limekwisha kutajwa. Kila mmoja katika mnyororo huu alipokea pigo asilostahili, na kila mmoja alimpitishia asiyehusika. Hakuna aliyelianzisha kwa makusudi katika mtaa ule, na hakuna aliyelimaliza. Hivyo ndivyo resori inavyofanya kazi ikiwa peke yake. Hupokea kwa uaminifu, na hurudisha kwa uaminifu.

Nchi yetu imepigwa sana. Ninyi mliozaliwa katika miaka hii hamhitaji kuelezwa. Mmeyaona makimbilio, mmezika ndugu, mmekatizwa masomo. Mapigo hayo yote yako wapi sasa? Yako katika mioyo iliyokazwa kama resori, inayongoja tu nafasi ya kurudisha. Ndiyo maana heri ile ambayo Yezu Kristu aliwapa wapatanishi, kama anavyosimulia Mathayo katika sura ya 5, si heri ya watu wapole tu wasiopenda ugomvi. Ni heri ya wale ambao pigo likiwafikia halitoki upande wa pili. Mtume Petro, katika barua yake ya kwanza, anatukumbusha jinsi Bwana wetu alivyoyapokea matusi pasipo kuyajibu kwa matusi. Pale msalabani mapigo ya dunia nzima yalifika, na hakuna hata moja lililopitishwa kwa mwingine. Kilichotoka ni msamaha.

Lakini tuangalie vizuri, tusije tukafundisha jambo la uongo. Mtu anaweza kusema: "Mimi hakuna kinachonigusa. Watu wafe, watu waibiwe, mimi nimenyamaza, nina amani." Huyo tumgusa kama binti alivyoigusa ile amotisere ya kushoto. Tukimkuta baridi, tujue kwamba hana amani, amevuja. Mapigo yanapita kwake kama yanavyopita katika utupu, na wengine ndio wanaotikiswa. Mpatanishi wa kweli hupata joto. Huumia, hukesha, hulia mbele ya Tabernakulo. Tofauti yake na mwenye kisasi haiko katika kuhisi au kutohisi uchungu. Iko katika kile anachoufanyia uchungu ule ukishaingia ndani yake.

Mafundi watawaambia jambo jingine. Amotisere nyingi hutengenezwa ili zipinge kwa nguvu zaidi wakati resori inaporudi kuliko wakati inapobonyezwa. Pigo linapokuja, chombo hulegea kiasi, hulipokea; lakini resori inapotaka kurudisha, hapo ndipo mafuta husongamana zaidi na kuizuia. Hatuwezi kuyazuia mapigo yote ya barabara. Lakini ule mwendo wa kurudisha umo ndani yetu, na hapo ndipo neema hutaka kufanya kazi kwa nguvu zaidi.

Tunaye ndugu yetu katika nchi hii aliyelielewa jambo hilo bila kusoma vitabu vingi. Mwenyeheri Isidori Bakanja alikuwa kijana mlei, mfanyakazi kama wengi wenu. Aliwahi kuwa msaidizi wa waashi, akabatizwa mwaka 1906, na akavaa skapulari ya Bikira Maria kuwa alama ya imani yake. Msimamizi mmoja wa kampuni alikokwenda kufanya kazi aliichukia alama hiyo. Mwaka 1909 aliagiza Isidori apigwe mijeledi hata mgongo ukawa jeraha tupu. Aliteseka miezi kadhaa, na tarehe 15 Agosti ya mwaka uleule akafariki, akiwa amekwisha kumsamehe mtesi wake na kuahidi kumwombea mbinguni. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri tarehe 24 Aprili 1994.

Angalieni jambo moja katika maisha yake. Mkaguzi wa kampuni alipopita, Isidori hakuficha majeraha yake. Alijikokota kutoka msituni alikokuwa amejificha, akajionyesha, na akasema lililotendeka. Kusamehe hakukumfanya aseme kwamba hakupigwa. Vivyo hivyo amotisere haisemi kwamba barabara ni nzuri. Shimo hubaki shimo, na lina watu wanaopaswa kulijibu. Kijana Mkristo asiyelipa kisasi bado anapaswa kulitaja ovu, kumpeleka mkosaji mbele ya wenye haki ya kuamua, na Jumamosi kushika jembe pamoja na wenzake katika salongo ili kulifukia shimo lenyewe. Msamaha hutuzuia kuwa barabara mbaya kwa wengine. Hautukatazi kuitengeneza barabara.

Jambo la mwisho ni lile ambalo mzee wetu alilikubali mbele ya duka. Amotisere huchakaa. Hata iliyo bora huchakaa, hasa ikiachwa ifanye kazi ya wawili. Katika familia nyingi yuko mtu mmoja anayemeza mapigo ya wote: mara nyingi ni mama, mara nyingine ni dada mkubwa aliyeacha shule ili kuwalea wadogo zake, au baba anayerudi bila mshahara na bado husalimia kwa upole. Katika kundi la vijana yuko pia, yule anayepatanisha kila ugomvi wa kwaya na kila mzozo wa fedha. Kwa nje rangi yake ni nzuri, anacheka, anasema hakuna neno. Nasi tunapita kando yake kila Jumapili. Bwana wetu alilijua hilo. Marko anasimulia katika sura ya 6 kwamba aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili. Asiwepo mtu anayeachwa peke yake kupokea mapigo ya nyumba nzima, tukamsifu kwa uvumilivu wake huku akivuja.

Na joto lililomo ndani lazima litoke. Chuma huukabidhi upepo joto lake, la sivyo mafuta hupoteza nguvu. Sisi tunao mahali pa kulikabidhi letu: sala ya jioni inayosema mambo kwa majina yake, sakramenti ya kitubio, Ekaristi, rafiki mwaminifu, mkubwa wa shirika anayejua kusikiliza. Anayekaa na uchungu wake peke yake, akidhani huo ndio ushujaa, atavuja kabla ya wakati wake.

Kwa hiyo tunawaomba, kila kundi katika parokia yake, mketi pamoja juma hili na kuyatafakari maswali haya matatu:

1. Ni pigo gani lililotufikia juma lililopita, nasi tukampitishia nani asiyehusika?

2. Katika familia zetu na katika kundi letu, ni nani anayefanya kazi ya wawili? Tutamsaidia kwa tendo gani, na lini?

3. Ni shimo gani katika mtaa wetu, la barabara au la haki, ambalo tunaweza kuanza kulifukia kwa mikono yetu wenyewe?

Msijibu kwa haraka. Kwanza itajeni siku, jina la kazi na wale watakaoifanya, kisha mwiandike. Neno ambalo halikukazwa chini ya mzigo halidumu njiani.

Ee Bwana, mapigo tunayoyapokea unayajua kabla hatujayasimulia. Utujalie tusiwe baridi, wala tusiwe wa kurudisha. Yanayotufikia yaishie kwako. Mwenyeheri Isidori Bakanja, utuombee. Amina.